Kasi Aliyoipenda Fundi

Fundi hakushika santuri kwa vidole. Aliipokea kwa viganja viwili, kwenye kingo tu, kama mtu anayepokea bakuli la uji wa moto kutoka kwa mkwewe, na akishaipokea hakusema neno mpaka iwe imelala mahali pake. Ukimwamkia wakati huo, shikamoo yako ilibaki hewani. Baadaye, hata kama dakika tano zimepita, angekugeukia na kusema, "Marahaba," kana kwamba ndiyo kwanza unaingia.

Nilimfahamu kwa sababu ya ukuta. Kibanda changu cha steshenari pale Kiseke, Mwanza, kilishikana na karakana yake, na ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao. Upande wangu nilichapa barua, nikatoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Upande wake alitengeneza redio, pasi na feni. Ikifika saa tisa alasiri alifunika kazi za watu kwa kitambaa, akavuta kiti, akapiga muziki wa Kichina hadi jua linazama. Si muziki wa siku hizi. Ulikuwa wa zamani, wa kwenye santuri, wenye vinanda vya nyuzi mbili vinavyolia kama mtu aliyenyimwa kitu, na kwaya za watu wengi wanaoimba kama wanasukuma gari.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Barua ya mteja naisoma mara nne kabla sijaichapa, na nikishaichapa naisoma tena nikitumaini sitakuta kosa na nikiwa na hakika nitalikuta. Kompyuta nimejifunza mwenyewe, kwa kuangalia simu. Aliyejifunza mwenyewe hajui pengo lake liko wapi, kwa hiyo analitafuta kila mahali. Siku ya kwanza nilipoingia kwa Fundi nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwomba apunguze sauti. Nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi.

"Unasoma nini hapo?" akaniuliza.

"Hamna kitu, Mzee."

"Basi kaa. Hii inaanza vibaya lakini inaisha vizuri."

Karatasi ile niliikunja. Nilikaa, na kwa miaka minne nikawa nakaa pale karibu kila siku.

Alikuwa na santuri mia moja na kitu. Nyingine nyeusi, nzito, zinazovunjika kama kigae. Nyingine nyembamba kama nailoni ya kufunikia daftari, nyekundu, kijani au buluu, ambazo ukiziinua kwenye mwanga unauona mkono wako upande wa pili. Hizo nyembamba haziwezi kusimama zenyewe. Alizilaza juu ya santuri nyeusi isiyo na kazi, kama mtoto juu ya mgongo, ndipo sindano ikakubali kupita.

Ukimuuliza alizipata wapi, kila mtu alipewa jibu lake. Mteja mmoja aliambiwa ameachiwa na mafundi wa Kichina aliofanya nao kazi ujanani. Mwingine aliambiwa ameziota. Ukweli ni kwamba alizitafuta, na kwa kuzitafuta alikuwa hana aibu kabisa.

Moja aliikuta Ukerewe, imefunika mtungi wa maji. Mwenye mtungi, bibi mmoja, alikataa kuiuza. Fundi akapima mdomo wa mtungi kwa kipande cha uzi, akarudi Mwanza, akagonga bati mpaka likawa mfuniko wa kipimo kile kile, akapanda meli tena wiki iliyofuata. Bibi akaujaribu mfuniko, ukaingia sawasawa.

"Hiki hakiimbi," bibi akalalamika.

"Na hicho kingine, mama, kilikuwa kinaimba?"

"Hapana. Lakini kilikuwa kinaweza."

Fundi alipenda sana kusimulia jibu hilo. Alisema hajawahi kumpata mtu aliyeelewa santuri kuliko yule bibi, na kwamba karibu amwachie. Karibu.

Nyingine, nyekundu, aliiona kwenye kivuko cha Kigongo, siku zile kabla ya daraja, mikononi mwa mtu aliyekuwa akiitumia kujipepea. Walibishana mpaka Busisi, wakabishana kurudi Kigongo, wakaenda tena. Siku hiyo Fundi alivuka mara nne na msiba aliokuwa anauendea akaukosa. Wafiwa walimsamehe. Yeye mwenyewe hakuona kosa lilipo. "Marehemu alikuwa anasubiri," alisema. "Yule jamaa asingesubiri."

Na boksi zima alipewa na mjane wa mfanyabiashara mmoja wa zamani mjini, familia ya Kiislamu iliyowahi kuuza gramafoni. Mjane hakutaka kitu, ila sharti moja: kila Idi Fundi aende kumpigia santuri moja sebuleni, aichague yeye mjane. Fundi ni Mkatoliki, tena wa kwaya, ingawa kwaya yenyewe ilimpanga nyuma kabisa. Hakukosa Idi hata moja. Alivaa kanzu ya kuazima na kurudi na biriani ya kutosha kula siku mbili.

Kwa usafi alikuwa kama mimi, na pengine hiyo ndiyo sababu tulivumiliana. Aliosha santuri kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, tone moja la sabuni, na kipande cha shati lake la harusi, maana alisema hakuna kitambaa alichowahi kukigusa kikawa laini kama kile. Kisha alizisimamisha kwenye kichanja cha waya cha kukaushia vyombo. Wale wadudu wadogo wa ziwani walipokuja, wakitanda angani kama moshi, alifunga madirisha na kuziba nyufa kwa magazeti. "Mdudu mmoja akiingia kwenye mstari wa santuri," alisema, "naye ataimba, na hajui wimbo."

Lakini huyo huyo mwenye kuziba nyufa kwa magazeti alikuwa haoni aibu kutengeneza mashine yake kwa chochote kilichokuwa karibu. Mkono wa sindano ulikazwa kwa sarafu iliyobandikwa kwa gundi. Mkanda unaozungusha sinia la mashine, pale santuri inapolala, aliukata kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Nilipomwambia kwamba mikanda ya kweli inauzwa, alinitazama kwa huruma.

"Binti, inazunguka au haizunguki?"

"Inazunguka."

"Basi."

Alikataa kumwazima mtu bisibisi, hata dakika moja. Lakini ukienda na redio iliyokufa kabisa, alikupa ya kwake uende nayo nyumbani mpaka yako ipone. Alijisifu kwamba haelewi neno hata moja la Kichina, kisha akakuelezea wimbo mzima unahusu nini. Kijana mmoja Mchina, wa mambo ya barabara, aliwahi kuleta spika yake kutengenezwa. Fundi akaona amepata bahati, akampigia nyimbo tatu mfululizo. Kijana akasikiliza kwa adabu. Wa tatu ulipoisha akauliza, kwa Kiswahili chake kizuri tu, "Mzee, huyu mwimbaji anaumwa?"

Fundi alimtengenezea spika yake bila kumwambia neno tena. Alipoondoka akaniambia, "Vijana wa siku hizi hawajui muziki wao."

Wimbo huo wa tatu ulikuwa wa santuri ya buluu, na huo ndio aliokuwa akifungia kazi kila jioni. Sauti moja tu, nzito, ya kuvuta maneno, na nyuma yake filimbi. Fundi alisema anayeimba ni mvuvi mzee aliyefiwa na mkewe. Kila mwaka alimwongezea jambo. Hapa anakunja nyavu. Hapa anapita nyumbani kwa mtu ambaye zamani alimchumbia binti yake akakataliwa. Hapa amekumbuka hajala.

"Umejuaje hajala?"

"Sikiliza pumzi."

Nilisikiliza. Nikasikia kweli mtu mwenye njaa.

Nyuma ya karakana palikuwa na uwanja mdogo ambapo akina mama watano au sita walichekecha dagaa kuondoa mchanga. Wao walimlalamikia Fundi miaka yote. Waliita muziki wake kilio cha paka. Lakini wimbo wa buluu ulipoanza walijua jua linazama, wakakung'uta makanga, wakafunga viroba. Waliutumia kama saa.

Nije kwa Mwalimu, maana bila yeye Fundi hajakamilika. Mwalimu mstaafu, mkazi wa Buzuruga, mrefu, mwenye kofia ya pama, naye alikusanya santuri, ila za dansi, zile za bendi za zamani ambazo kila mtu mzima wa Mwanza amewahi kuchumbiana akizisikiliza. Walikuwa marafiki tangu ujana, na urafiki wao ulikuwa wa kugombana. Mwalimu alipolazwa kwa malaria, Fundi alikwenda wodini kila siku na kubishana naye mpaka muuguzi akamtoa nje.

Kila mwaka, baada ya mpunga kuvunwa, walishindana. Na walishindana Kisukuma, kama wacheza ngoma: kiwanja kimoja, pande mbili, wote wanapiga kwa wakati mmoja, na hakuna jaji. Watazamaji ndio wanaohukumu, kwa miguu. Wanakwenda wanakovutwa, wanarudi, wanahama tena. Spika zilikuwa mbili kwa kila upande, si zaidi. Mbinu yoyote inaruhusiwa. Mashindano hayaishi kwa saa wala kwa kuhesabu watu. Yanaisha pale mmoja wao mwenyewe anapozima mashine yake na kuvuka kwenda upande wa mwenzake. Halafu aliyeshinda anachagua santuri moja kutoka kwa aliyeshindwa, anaondoka nayo.

Nilihudhuria mara tatu nikiwa upande wa Fundi, na mara tatu nikamwona akivuka. Mwaka wa kwanza alianza na maigizo ya kuimba yenye makengele na matoazi. Mbuzi waliokuwa wakilisha karibu walikimbia, na watoto wakawakimbiza mbuzi, na wazazi wakawakimbiza watoto. Mwaka wa pili alitoa maelezo kabla ya kila wimbo, marefu kuliko wimbo. Mwaka wa tatu Mwalimu alileta mcheza ngoma mwenye chatu.

"Chatu ana uhusiano gani na dansi?" Fundi alipiga kelele toka ng'ambo.

"Anajua kukata kiuno!" Mwalimu akajibu, na kiwanja kizima kikacheka, na Fundi akabaki na mimi na bibi mmoja aliyekuwa amelala.

Kukubali kushindwa alikuwa hajui kabisa. Alivuka akiburuta ndala, akatoa santuri bila kutazama, na mwezi mzima akawaeleza wateja sababu: upepo, betri, nyoka. Nilimpenda kwa hilo. Mimi nikishindwa huwa najilaumu mwenyewe mpaka usingizi unikimbie. Kumwona mtu anayelaumu upepo kwa moyo wote ilikuwa ni mapumziko.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Santuri zile nyembamba zilikuwa zinachakaa. Kila sindano ikipita inaondoka na kitu kidogo. Nikaamua nizirekodi kwenye kompyuta, moja moja, zibaki. Nilijifunza namna ya kufanya, na popote nilipojifunza waliniambia kwanza hakikisha kasi ya mashine. Santuri za aina ile zinatakiwa kuzunguka mara thelathini na tatu na kitu kwa dakika. Nikabandika kipande cha karatasi nyeupe pembeni mwa sinia, nikawasha saa ya simu, nikahesabu. Ishirini na nane. Nikahesabu tena mara sita. Ishirini na nane. Mkanda wa tyubu ulikuwa umelegea, unateleza, na bila shaka ulikuwa ukiteleza tangu kabla sijamfahamu.

Maana yake ni kwamba hakuna wimbo hata mmoja ambao Fundi alikuwa anausikia ulivyo. Zote zilikuwa zimepungua mwendo na kushuka sauti. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nimejifunza kusoma maandishi ya Kichina, machache, ili nijue kilichoandikwa kwenye santuri. Usiku ule nikaitazama picha ya karatasi ya katikati ya ile ya buluu, chini ya jina la wimbo. Alama ya kwanza ni mojawapo ya zile ambazo kila anayeanza hufundishwa mapema. Ni ya mwanamke. Sauti ya mwanamke, akiimba peke yake.

Mvuvi mzee hakuwepo.

Sikumwambia. Wiki tatu nilikaa na jambo hilo kifuani. Kila jioni alipofumba macho na kusema, "Sasa amekumbuka hajala," nilijisikia kama nimeiba kitu, na sikujua nimemwibia nani. Pengine ningenyamaza mpaka leo. Ila Mwalimu akaja.

Alikuja kupanga siku ya mashindano, na mbele ya wateja akasema, "Safari hii, rafiki yangu, nikikushinda nachukua ile ya buluu."

Wateja wakamgeukia Fundi. Kila mtu alijua. Zote angeweza kuzitoa, hiyo hapana.

"Chukua nyingine yoyote," Fundi akasema. "Chukua mbili."

"Unaogopa?"

Hilo neno humwambii Fundi. "Nani anaogopa? Ya buluu! Njoo na chatu wako, njoo na mamba!"

Mwalimu alipoondoka, Fundi akaanza kuifuta ile ya buluu, ingawa ilikuwa safi. Nikafikiri: atashindwa, na atashindwa kwa sababu ya mkanda wa tyubu. Wimbo ukipigwa inavyotakiwa, watu watauelewa. Nikachukua tyubu mpya, rula na wembe. Nilikata mikanda tisa. Wa tisa ulitoa thelathini na tatu na kitu, kila nilipohesabu. Ule wa zamani niliutupa jalalani mwenyewe, kwa furaha. Kisha nikamwita Fundi, nikamkalisha, nikaweka ile ya buluu.

Sauti ya binti ikajaa karakana. Nyepesi, safi, ya mtu ambaye hajawahi kufiwa na yeyote. Filimbi ikaruka kama ndege. Ulikuwa wimbo wa furaha. Ulikuwa, nadhani, wimbo wa mavuno.

"Zima," Fundi akasema.

Nikamweleza yote: karatasi nyeupe, ishirini na nane, alama ya mwanamke. Nilikuwa nalia na kuhesabu kwa wakati mmoja. Fundi aliinuka. Alichukua kofia yake akatoka, na siku mbili karakana haikufunguliwa. Akina mama wa dagaa siku hizo mbili hawakujua waondoke saa ngapi.

Siku ya tatu nilimkuta amekaa nje.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Huyu binti anaimba vizuri."

"Ndiyo, Mzee."

"Vizuri sana. Ila yule mzee wangu umempeleka wapi?"

Niliitazama mashine kupitia mlangoni.

"Haya," akasema, akanyanyuka. "Kama ndivyo alivyoimba, ndivyo tutakavyompiga. Mtu asipigwe uongo mbele za watu."

Mashindano yalifanyika Igombe, karibu na ufuo wanakoanikwa dagaa, kiwanja cha wazi chenye upepo wa ziwani. Tulifunga turubai ili jua lisizikunje santuri. Akina mama wa nyuma ya karakana walikuwepo pia, walikuja kufuata mzigo. Mwalimu hakuleta chatu safari hii. Hakuhitaji. Alipiga dansi, na watu wazima wakaanza kushikana mikono.

Sisi tulianza na kwaya, tukaenda kwenye vinanda. Kasi ilikuwa sahihi. Niliipima asubuhi, nikaipima tena pale pale. Watu walikuja, wakasimama kidogo kama wanaosoma tangazo, wakahama. Ilipofika saa kumi na moja upande wetu ulikuwa na watu tisa. Ng'ambo siwezi kusema, walikuwa wengi mno.

"Weka ya buluu," Fundi akasema.

"Mzee, tukiipiga hiyo ikashindwa..."

"Ikishindwa anaichukua. Isipopigwa pia anaichukua. Weka."

Nikaiweka. Binti akaimba, sauti safi, bila dosari. Watu wawili kati ya tisa wakaondoka. Nilitazama ng'ambo, nikamwona Mwalimu ameshika kofia yake, anatutazama, na sikuona furaha usoni mwake. Fundi alianza kuinama kutafuta swichi. Nilijua anachofanya. Alikuwa anajiandaa kuvuka.

Hapo akaja kiongozi wa akina mama wa dagaa, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kugombeza, kanga ameifunga kiunoni.

"Fundi! Mbona mnatupigia nyimbo za watoto wa shule? Ule wetu uko wapi?"

"Wenu upi, mama?"

"Wa jioni. Wa kufunga viroba."

"Ndio huu."

"Huu? Sio huu. Sisi wetu tunaujua, tunauimba."

"Mnauimba?" Fundi akasimama wima. "Tangu lini?"

"Tangu lini! Miaka yote unatulazimisha kuusikia, ulidhani tunafanyaje? Tumeutia maneno. Kisukuma."

Wenzake walikuwa wamemfuata, wakaanza kucheka na kusukumana. Fundi akanigeukia. Hakukuwa na lawama machoni pake.

"Binti, unaweza kumrudisha yule mzee?"

"Mkanda wa zamani niliutupa."

"Sikukuuliza habari za mkanda."

Sijui niliwaza nini. Nadhani sikuwaza, na kwangu hilo ni jambo kubwa. Nilirudisha sindano mwanzo, nikaweka kidole cha shahada kwenye ukingo wa sinia, nikakibonyeza. Mashine ikalalamika. Sauti ya binti ikashuka, ikashuka, ikawa nzito, ikayumba. Niliongeza nguvu, ikazama mno, nikapunguza, ikapanda. Hakukuwa na namba yoyote ya kunisaidia. Nilikuwa na masikio tu, na jioni za miaka minne. Kisha, mahali fulani kati ya kubonyeza na kuachia, alitokea. Mvuvi mzee, anayekunja nyavu.

"Huyo!" akasema yule mama, akapiga makofi mara moja, wakaingia.

Waliimba habari za mume anayerudi kutoka ziwani na mtumbwi mtupu na mdomo uliojaa maelezo. Samaki walikuwepo, mke wangu, ila mwezi, umezishinda taa zetu. Samaki walikuwepo, ila nyavu za jirani. Sauti sita za wanawake waliozoea kupaza juu ya upepo, na chini yao yule mzee akivuta maneno yake kama anayejitetea. Pale kidole changu kilipoteleza na wimbo ukayumba, nao waliyumba nao, wakaugeuza mzaha, wakafanya ni mume anapepesuka. Watu wakaangua kicheko. Waliokuwa wanaanika dagaa wakaacha nyavu. Jozi ya kwanza iliyokuwa ikicheza dansi ikasimama, ikasikiliza, ikaja. Halafu wakaja wanne. Halafu sikuona tena mwanga wa ziwa, maana watu walikuwa wameziba.

Wimbo ukaisha. "Tena!" wakapiga kelele, na wanaume zaidi kuliko wanawake, jambo ambalo sikulitegemea. Fundi akarudisha sindano kwa mkono wake. Tukapiga mara ya pili, na sasa kiitikio walikijua wote: ila mwezi, ila mwezi. Kidole kilikuwa kinaniuma na kimeanza kupata joto. Fundi alisimama pembeni yangu, mikono nyuma, amenyooka kama bendera, na hakutoa maelezo yoyote kwa mtu yeyote.

Katikati ya mara ya tatu dansi ya ng'ambo ikanyamaza.

Umati ulifunguka upande ule, nikamwona Mwalimu anakuja. Alikuwa peke yake. Alitembea polepole katikati ya kiwanja kitupu, kofia mkononi, na watu waliokuwa wakiimba wakapunguza sauti wakimtazama Fundi, maana wote walimjua, na wote walisubiri aropoke. Mimi pia nilisubiri. Miaka yote ya upepo na betri na nyoka ilikuwa na haki ya kusema neno.

Mwalimu akafika, akasimama mbele ya spika.

"Nimevuka," akasema.

Fundi alimtazama. Kisha akatoa kile kiti chake cha karakana, alichokuwa hajakikalia mchana kutwa, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akakisogeza mbele kabisa.

"Mpisheni Mwalimu, akae," akawaambia watu. "Na wewe, binti, usitoe kidole. Bado ubeti mmoja."